Tulimzomea Aliyeshika Kalamu, Tukamsahau Aliyemkabidhi

Jumapili ya Septemba 24, 2023, mchezo wenye uhasama mkubwa kuliko yote nchini Uholanzi, Ajax dhidi ya Feyenoord, ulivunjika katikati. Wageni walikuwa wanaongoza 3-0 kwenye uwanja wa Johan Cruijff Arena, mabao mawili ya Santiago Giménez na moja la Igor Paixão, na mashabiki wa nyumbani walishaacha kuimba. Walikuwa wakirusha fataki uwanjani. Mwamuzi aliwatoa wachezaji na siku hiyo hawakurudi tena. Nje, kundi la mashabiki lilijaribu kuvamia lango kuu, polisi wakajibu kwa farasi na mabomu ya machozi.

Kabla siku haijaisha, Ajax ilitangaza kumfuta kazi mtu mmoja. Hakuwa kocha, wala kipa, wala beki yeyote aliyeteleza siku hiyo. Alikuwa Sven Mislintat, Mjerumani aliyeajiriwa kuwa mkurugenzi wa soka, mwenye dhamana ya usajili, na aliyekaa kazini kwa muda wa miezi minne tu. Maelezo ya klabu yalikuwa mafupi: hakuwa tena na uungwaji mkono mpana ndani ya Ajax. Jumatano iliyofuata mchezo ukamaliziwa mbele ya majukwaa matupu, Giménez akatimiza mabao matatu, Feyenoord wakaondoka na ushindi wa 4-0.

Kwa desturi ya soka, timu ikifungwa mfululizo anayefungasha virago ni kocha. Pale Amsterdam kocha Maurice Steijn alibaki, akaondoka aliyemletea wachezaji. Tukio hilo linastahili kutazamwa kwa makini na sisi wa huku, maana hakuna jambo linalotugusa kama usajili. Kwenye vijiwe vya Kariakoo, Kisumu au Kampala, straika akikosa bao la wazi swali la kwanza huwa ni moja: nani alimleta huyu? Na jibu likipatikana, mtu huyo hapati usingizi.

Sisemi shabiki anakosea kukasirika. Msimamo wangu ni kwamba hasira yake huwa na haki, ila mara nyingi inamfikia mtu wa pili badala ya wa kwanza. Anayeshika kalamu ya usajili huonekana, huwa na jina na picha. Aliyemkabidhi kalamu hiyo, akaacha kumwekea mipaka, hukaa kwenye jukwaa la heshima na hazomewi na yeyote.

Hakuwa mbumbumbu

Mislintat hakuokotwa barabarani. Kwa zaidi ya muongo mmoja alikuwa mtu wa skauti Borussia Dortmund, na alihusika katika kazi iliyomleta Shinji Kagawa kutoka Japani kwa fedha ambayo klabu za Ulaya huiona ya chai, Robert Lewandowski kutoka Poland, Pierre-Emerick Aubameyang kutoka Ufaransa na baadaye Ousmane Dembélé. Magazeti ya Ujerumani yalimpa jina la utani la mwenye jicho la almasi. Mwishoni mwa 2017 Arsenal wakamchukua kuwa mkuu wa usajili. Januari iliyofuata Aubameyang akatua London, na katika kiangazi cha 2018 wakaja Bernd Leno, Lucas Torreira na Matteo Guendouzi.

Mwaka 2019 akaenda Stuttgart, timu iliyoshuka daraja mwaka huohuo, na msimu uliofuata ikarudi Bundesliga. Huko alimsajili Wataru Endo, ambaye baadaye Liverpool walimfuata, na Serhou Guirassy, aliyekuja kuwa miongoni mwa wafungaji wanaoogopwa Ujerumani. Huko pia alimleta kijana wa Kongo kutoka Paris FC, winga mwenye kasi aliyejulikana kama Silas Wamangituka. Juni 2021 kijana huyo alijitokeza hadharani na kusema jina lake halisi ni Silas Katompa Mvumpa, na kwamba wakala wake wa zamani ndiye aliyemgeuzia utambulisho. Shirikisho la Ujerumani lilimfungia miezi mitatu. Kisa hicho kinaonyesha ugumu wa kazi hii: unaweza kumwona mchezaji sawasawa uwanjani, ukakosa kabisa kujua yaliyofichwa kwenye makaratasi yake.

Basi mtu aliyezomewa Amsterdam alikuwa na wasifu ambao klabu nyingi zingeutamani. Swali la maana si kama alijua mpira. Swali ni kwa nini jicho lililoona vizuri Dortmund na Stuttgart lionekane limepofuka Ajax.

Nyumba aliyoikuta

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2012 Marc Overmars aliteuliwa mkurugenzi wa ufundi wa Ajax, matunda ya vuguvugu aliloanzisha Johan Cruyff akitaka klabu irudi mikononi mwa watu wa mpira. Overmars alikuwa bingwa wa kuuza ghali na kununua kwa hesabu. Mwaka 2018 alimrudisha mzoefu Daley Blind na kumleta mzoefu mwingine, Dušan Tadić, kuwalea vijana, na msimu huo Ajax wakafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, wakatolewa na Tottenham kwa bao la Lucas Moura la dakika za nyongeza. Frenkie de Jong akaenda Barcelona na Matthijs de Ligt akaenda Juventus, kila mmoja kwa ada isiyopungua euro milioni 75.

Februari 2022 Overmars aliondoka baada ya kubainika kuwa aliwatumia wafanyakazi wenzake wa kike ujumbe usiofaa. Kuondoka kwake kulistahili. Kosa la klabu lilikuwa jingine: mfumo wote wa usajili ulikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo alipotoka ofisi ikabaki na viti. Miezi michache baadaye kocha Erik ten Hag akaenda Manchester United. Kiangazi hicho Ajax waliuza wachezaji kwa zaidi ya euro milioni 200. Antony peke yake alikwenda Old Trafford kwa euro milioni 95, bei ambayo mashabiki wa United huku kwetu mpaka leo wanaitaja kwa uchungu, na Lisandro Martínez alitangulia hukohuko.

Fedha hizo zilitumiwa na watu waliokuwa wakijaza pengo. Steven Bergwijn alinunuliwa kutoka Tottenham kwa zaidi ya euro milioni 31, rekodi ya klabu, na Calvin Bassey akaja kutoka Rangers. Kocha Alfred Schreuder akafukuzwa Januari 2023. Ajax wakamaliza nafasi ya tatu, nje ya Ligi ya Mabingwa. Mwisho wa Mei 2023, mtendaji mkuu Edwin van der Sar akatangaza kujiuzulu.

Ukitazama mfuatano huo utaona jambo ambalo wengi hawakuliona wakiwa na fataki mikononi. Ugonjwa ulianza kabla ya Mjerumani huyo kupata funguo za ofisi. Alipoingia, mkurugenzi wa ufundi wa enzi ya mafanikio hakuwepo, mtendaji mkuu alikuwa anaaga, na kocha mpya alitoka Sparta Rotterdam, klabu isiyo na mzigo wa matarajio kama ya Ajax. Hakukuwa na mtu juu yake mwenye uzito wa kumwambia hapana.

Kumi na wawili kwa mkupuo

Kiangazi cha 2023 waliondoka Mohammed Kudus na Edson Álvarez kwenda West Ham, Jurriën Timber kwenda Arsenal, Bassey kwenda Fulham, Davy Klaassen kwenda Inter. Nahodha Tadić alivunja mkataba kwa makubaliano na kutimkia Uturuki. Yaani uti wa mgongo wa timu ulitoka ndani ya wiki chache. Wakaingia wachezaji 12 kwa zaidi ya euro milioni 100: beki Josip Šutalo kutoka Dinamo Zagreb, straika Georges Mikautadze kutoka Metz, Chuba Akpom kutoka Middlesbrough, winga Carlos Forbs kutoka Manchester City, Borna Sosa kutoka Stuttgart, Gastón Ávila kutoka Antwerp, Jakov Medić kutoka St. Pauli, Anton Gaaei kutoka Viborg, na wengine wa aina hiyo.

Shabiki wa Ajax aliyeketi jukwaani Septemba hakuhitaji takwimu kuona tatizo. Aliona timu isiyozungumza lugha moja, kwa maana zote. Aliona vijana wengi wasio na mzoefu wa kuwatuliza. Aliona beki wa bei kubwa akibabaika, winga akikimbia bila kujua mwenzake yuko wapi. Na jambo lililomuumiza zaidi ni kwamba shule ya vijana ya Ajax, iliyotoa Bergkamp, Seedorf na Sneijder, ilionekana kusukumwa pembeni ili kupisha wageni wa bei ya kati. Kwa klabu nyingine hilo lingekuwa sera tu. Kwa Ajax lilikuwa tusi.

Hapo shabiki alikuwa sahihi. Hakuna timu duniani inayoweza kubadilisha nusu ya kikosi kwa dirisha moja na kutaraji kucheza kama iliyokaa pamoja miaka mitatu. Kuna mambo ya kawaida yanayochukua muda: mchezaji kuhamia nchi mpya, familia yake kupata makazi, kujifunza kocha anataka nini, kuelewana na beki aliye kando yake. Ukiwaleta wawili watatu kwa mwaka, waliopo huwabeba wageni. Ukiwaleta 12, hakuna wa kumbeba mwenzake. Mtu wa usajili mwenye uzoefu wa Mislintat alilijua hilo, na hapo hana utetezi.

Ila shabiki huyo alikosea kwenye jambo moja, nalo tunalikosea sote. Alitoa hukumu ya mchezaji mmoja mmoja ndani ya wiki sita. Mikautadze aliitwa galasa na kufikia Januari alikuwa amerudishwa Metz kwa mkopo. Miezi mitano baadaye, akiwa na Georgia kwenye Euro 2024, alifunga mabao matatu na kumaliza miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano, na Lyon wakamnunua. Šutalo, aliyekuwa anachekwa, alikuja kuwa nguzo ya ulinzi msimu wa 2024/25 chini ya Francesco Farioli, Ajax walipoukosa ubingwa kwa pointi moja baada ya kuongoza ligi kwa tofauti ya pointi tisa zikiwa zimebaki mechi tano. Gaaei naye alipata namba.

Maana yake si kwamba Mislintat alionewa. Wengine kati ya wale 12 hawakufua dafu hata kwa kupewa muda. Maana yake ni kwamba makosa mawili yalichanganywa yakaonekana moja: kosa la kuchagua wachezaji na kosa la kujenga kikosi. La kwanza lilikuwa dogo kuliko lilivyoonekana. La pili lilikuwa kubwa zaidi, na halikuwa la mtu mmoja. Kujenga kikosi ni kazi ya kocha, mkurugenzi na mtendaji mkuu wakikaa meza moja. Ajax kiangazi kile meza ilikuwepo, waliokaa ndio waliopungua.

Kumfukuza hakukuponya

Kipimo cha hoja yangu ni yaliyotokea baada ya Mislintat kuondoka. Kama yeye ndiye aliyekuwa tatizo lote, hali ingetengemaa. Oktoba 23 Steijn naye akafukuzwa. Siku chache baadaye Ajax walifungwa 5-2 na PSV na kujikuta mkiani mwa Ligi Kuu ya Uholanzi, nafasi ya 18 kati ya timu 18. Desemba wakatolewa kwenye Kombe la Uholanzi na USV Hercules, timu ya ridhaa kutoka Utrecht, kwa mabao 3-2. Aprili 2024 Feyenoord wakawachapa 6-0. Mwezi huohuo mtendaji mkuu mpya, Alex Kroes, aliyetarajiwa kuleta utulivu, alisimamishwa kazi wiki chache tu baada ya kuanza, baada ya bodi kugundua kuwa alinunua hisa za Ajax wiki moja kabla ya uteuzi wake kutangazwa. Ligi ikaisha wakiwa nafasi ya tano.

Kwa hiyo mtu wa usajili aliondoka mwezi Septemba, na mporomoko ukaendelea mpaka Mei. Si kwa sababu alikuwa hana hatia. Ni kwa sababu katika kazi hii anayesajili huondoka na mikataba yake hubaki.

Hapa inafaa tuelewe hesabu, maana ndipo mashabiki wengi hupotezwa. Mchezaji akinunuliwa kwa euro milioni 20 kwa mkataba wa miaka mitano, vitabu vya klabu havibebi mzigo wote mwaka wa kwanza. Vinabeba milioni nne kila mwaka, pamoja na mshahara. Ukitaka kumuuza mwaka wa pili kwa milioni saba, unaandika hasara kubwa, maana vitabuni bado ana thamani ya milioni 16. Ndiyo maana mchezaji aliyeshindwa hukaa benchi mwaka mzima, au hupelekwa kwa mkopo huku klabu ikilipa sehemu ya mshahara. UEFA waliona klabu zinavyoutumia mchezo huo, Chelsea wakiwa wametoa mikataba ya hadi miaka minane na nusu, na mwaka 2023 wakaweka kikomo cha miaka mitano kwenye kugawa gharama hiyo. Dirisha moja la pupa hulipwa kwa madirisha matano.

Ndiyo sababu ninasema kelele za Septemba zilichelewa. Wakati wa kupiga kelele ulikuwa Mei na Juni, bodi ilipompa mtu mmoja kalamu na kitabu cha hundi bila mtendaji mkuu wa kudumu juu yake na bila kocha mwenye kauli kando yake. Lakini uteuzi wa bodi hauleti watu uwanjani. Hauna bao wala jezi. Shabiki huamka pale matokeo yanapomfikia, na yakimfikia tayari mikataba imeshasainiwa.

Suala la mawakala

Jambo jingine liliongeza petroli. Siku chache kabla ya mchezo wa Feyenoord, Ajax walitangaza kuchunguza usajili wa Borna Sosa, kwa sababu kampuni ya mawakala iliyohusika ilikuwa na hisa katika kampuni ya takwimu za soka aliyokuwa na maslahi nayo Mislintat mwenyewe. Kuchunguzwa si kuhukumiwa, na safu hii haimhukumu mtu. Ninachokitazama ni mpangilio wa kazi. Swali la maslahi ya mkurugenzi wa usajili linaulizwa siku anapoomba kazi, si baada ya dirisha kufungwa. Kampuni hiyo ya takwimu haikuwa siri katika soka la Ujerumani. Klabu yenye hisa zake kwenye soko la Amsterdam tangu 1998 inapaswa kuwa na karatasi ya kujaza, mahali mtu anapoandika: hawa ndio ninaofanya nao biashara, na wao wakiwa sehemu ya mazungumzo mimi nitatoka chumbani.

Shabiki akisikia habari ya aina hii, imani huisha hapohapo. Usajili mbaya anaweza kuusamehe, kwa kuwa anajua mpira una bahati. Hisia kwamba amepigwa haisameheki. Na mara hisia hiyo ikiingia, hata usajili mzuri huonekana una mkono wa mtu. Ndiyo maana uwazi wa mapema humlinda mtu wa usajili kuliko unavyomlinda mwingine yeyote.

Mtu au mfumo

Kuna mchoro unaojirudia katika maisha ya kazi ya Mislintat. Dortmund mwaka 2016 aligombana na kocha Thomas Tuchel kuhusu usajili, hadi akazuiwa kufika viwanja vya mazoezi. Arsenal aliondoka mapema 2019, baada ya uongozi uliomleta kubadilika na nafasi aliyoitaka kutopatikana. Stuttgart aliondoka Novemba 2022 baada ya uongozi kuleta washauri bila yeye kushirikishwa vya kutosha. Baada ya Ajax alirudi Dortmund mwaka 2024 na Februari 2025 mkataba wake ukasitishwa kufuatia mivutano ya ndani. Kote huko ugomvi haukuwa kuhusu kama mchezaji fulani anajua mpira. Ulikuwa kuhusu nani ana neno la mwisho.

Dortmund na Stuttgart kulikuwa na watu wa kubishana naye, na kubishana huko, kwa maudhi yake yote, kulichuja maamuzi. Ajax ndiko alikopata alichokuwa akikitafuta, neno la mwisho, na ndiko alikoanguka haraka kuliko kote. Kwa mtu yeyote anayeendesha klabu, somo hilo lina thamani kubwa kuliko ripoti mia za skauti.

Wala si yeye peke yake. Monchi, aliyekuwa mkurugenzi wa michezo wa Sevilla, ni jina linalotajwa kwa heshima Hispania nzima. Aliwaleta Dani Alves, Frédéric Kanouté na Ivan Rakitić, na klabu yake ikalibeba Kombe la UEFA na baadaye Ligi ya Europa mara kwa mara. Mwaka 2017 akaenda Roma. Ndani ya miaka miwili Mohamed Salah na Alisson Becker walikuwa Liverpool, Javier Pastore na Patrik Schick walikuwa Roma, na mashabiki wa Roma hawakutaka kumsikia. Machi 2019 akaondoka, akarudi Sevilla, na Sevilla ikashinda tena Ulaya mwaka 2020. Jicho ni lilelile. Kilichobadilika ni watu waliomzunguka, fedha zilizokuwepo, na subira ya mji.

Kwa upande wa pili watazame Brighton. Mkurugenzi wa ufundi, Dan Ashworth, aliondoka 2022 kwenda Newcastle. Paul Winstanley, mkuu wa usajili, akachukuliwa na Chelsea mwaka huohuo. Sam Jewell naye akaenda Chelsea baadaye. Klabu ya kawaida ingeanguka. Brighton wakaendelea kununua kwa bei ndogo na kuuza kwa bei ya kutisha, Moisés Caicedo akienda Chelsea kwa ada iliyoweza kufikia pauni milioni 115. Mmiliki Tony Bloom alijenga utaratibu unaosimama juu ya takwimu na taratibu za kazi, kwa hiyo anayeondoka huondoka na sanduku lake, haondoki na akili ya klabu. Ndiyo maana mashabiki wa Brighton hawajui hata kumzomea mtu wa usajili. Hawajui wamzomee nani.

Kweli, wapo wasiofaa kabisa. Newcastle walimteua Joe Kinnear kuwa mkurugenzi wa soka Juni 2013. Kwenye mahojiano ya redio ya mwanzo tu alitamka visivyo majina ya wachezaji wa klabu yake mwenyewe, Yohan Cabaye akigeuka mlo wa nyama. Aliachia ngazi Februari 2014 bila kumsajili kikosini hata mchezaji mmoja wa mkataba wa kudumu. Loïc Rémy na Luuk de Jong walikuja kwa mkopo, na Cabaye akauzwa PSG. Mashabiki walimcheka Kinnear mpaka wakachoka. Lakini hata pale, aliyemleta ni mmiliki Mike Ashley, na Ashley alibaki na klabu hadi Oktoba 2021. Zaidi ya miaka saba baada ya kichekesho kuondoka, mwenye nyumba alikuwa yuleyule.

Mpaka wa hasira

Lazima niseme na jingine, maana safu inayotetea hasira bila kuiwekea mpaka ni safu ya hatari. Januari 2020 kundi la watu lilikwenda nyumbani kwa Ed Woodward, wakati huo bosi wa Manchester United, aliyelaumiwa kwa usajili wa miaka mingi, na kurusha fataki kwenye lango la makazi ya familia. Hilo si shabiki kudai haki yake. Ni uhalifu, na kwa kiongozi aliyechoka ni zawadi pia, kwani siku ya pili mjadala ulihama kutoka kwenye mabaya ya klabu kwenda kwenye ubaya wa mashabiki. Fataki za Amsterdam nazo ziliwanyima mashabiki waliobaki haki ya kuingia uwanjani Jumatano.

Silaha ya shabiki yenye nguvu ni nyingine, na huku kwetu tunayo kuliko wenzetu wengi. Ajax ni kampuni, lakini chama cha wanachama kinashika asilimia 73 ya hisa. Tanzania, mfumo uliopitishwa kwa klabu za wanachama zinazoingia ubia na mwekezaji unawaachia wanachama asilimia 51, na Simba ndiyo iliyotangulia katika njia hiyo. Kenya, Gor Mahia na AFC Leopards ni za wanachama. Kwa hiyo mwanachama wa Simba, Yanga au Gor hana sababu ya kungoja mechi ya sita ndipo azomee. Ana mkutano mkuu, ana kura, ana katiba.

Shida ni namna tunavyoitumia. Mkutano mkuu wetu hupita kwa shangwe, kadi zikipepea, ajenda ya fedha ikipitishwa kabla ya chakula. Dirisha likifunguliwa tunaweka picha za wachezaji wapya na kuwaita majembe kabla hawajagusa mpira. Timu ikifungwa mbili, tunamtafuta mjumbe wa kamati ya usajili kwa jina, tunamtukana, anajiuzulu, anawekwa mwingine kwa utaratibu uleule usioandikwa popote. Mchezaji aliyeshindwa akiachwa bila kulipwa anakwenda FIFA, na klabu inafungiwa kusajili. Gor Mahia wameonja adhabu hiyo zaidi ya mara moja. Mwenye kalamu alishaondoka zamani, deni likabaki kwa mwanachama.

Ndugu mwanachama, kabla ya dirisha lijalo kuna maswali manne ya kumuuliza mwenyekiti wako mkutanoni, na kuhakikisha majibu yanaandikwa kwenye muhtasari. Nani ana neno la mwisho kwenye usajili, na nani ana mamlaka ya kumzuia? Kocha amesaini wapi kwamba anamhitaji mchezaji huyu na atamtumia namba ipi? Wajumbe wa usajili wametangaza maslahi yao na mawakala? Na mkataba ukivunjwa kabla ya wakati, klabu italipa kiasi gani na kutoka fungu lipi?

Kiongozi asiyeweza kujibu hayo Juni hana haki ya kumtoa kafara mtu wa usajili Septemba. Mzomee yeye kwanza, kwa kura yako.